Doa la Darini: Niliyojifunza Nyumba ya Kupanga Ilipoharibika

Doa lilianza likiwa na ukubwa wa sahani, juu ya ukumbi mwembamba unaoelekea vyumba vya kulala, na kwa wiki kadhaa sikulitazama mara mbili. Nilijiambia kwamba dari ya jipsamu hubadilika rangi kwa sababu nyingi, na kwamba nyumba ile ilikuwa imesimama miaka mingi kabla sisi hatujahamia. Nilipokwenda kulipa kodi mwezi ule nilimtajia mwenye nyumba jambo hilo katikati ya maongezi ya afya na watoto, naye akaitikia kwa upole wake wa kawaida kwamba atamtuma fundi. Mwezi wa pili doa lilikuwa limepata pete za rangi ya chai, moja ndani ya nyingine. Nikampigia simu, akaitikia vilevile. Kwa kuwa ni mtu mzima ambaye mimi na mke wangu tumezoea kumwita Mzee, na kwa kuwa yeye huniita mwanangu, niliona kwamba kumwandikia barua kwa sababu ya doa kungekuwa utovu wa adabu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, na katika yote niliyokosea baadaye sidhani kama kuna lililonigharimu zaidi.

Mwezi wa tatu doa lilikuwa limepata umbo la mbuzi. Nililipiga picha kwa mzaha nikamtumia dada yangu, kisha, simu ikiwa bado mkononi, nikamtumia na Mzee picha ileile kwa maneno matano: "Mzee, lile doa limezidi kukua." Akajibu baada ya dakika chache: "Nimeona mwanangu, fundi atakuja." Fundi hakuja. Siku kumi na tisa baadaye, saa nane na nusu usiku, dari ilianguka.

Ninasimulia yaliyofuata kwa sababu wapangaji wengi niliozungumza nao tangu wakati huo wanajua haki zao kwa jumla, yaani kwamba mwenye nyumba ana wajibu wa kutengeneza na kwamba mpangaji hapaswi kulipia kosa lisilo lake, lakini hawajui kwamba haki hizo hutegemea mambo madogo yanayofanyika, au yasiyofanyika, katika saa na siku za mwanzo. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Gharama nitazitaja kwa miezi ya kodi, kwa maana hicho ndicho kipimo ambacho kila mpangaji anakielewa bila kuelezwa.

Usiku ule maji yalishuka na vipande vya jipsamu, na taa ya ukumbini ikawa inawaka na kufifia. Nilikimbia ndani ya maji, miguu mitupu, hadi kwenye swichi kuu ya umeme nikaizima kwa mkono uliolowa. Fundi umeme aliyekuja asubuhi alinisikiliza nikijisifu kwa hilo, kisha akaniambia bila kutabasamu kwamba watu hufa hivyo. Ikiwa njia ya kufikia swichi kuu imejaa maji, hatua sahihi ni kuwatoa watu wote nje na kulipigia simu shirika la umeme likate kutoka nje. Kuhusu maji, sikujua koki ya kufungia tangi la darini iko wapi. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka minne bila kuuliza. Tulisimama mlangoni tukiwa na watoto waliofunikwa mablanketi, tukasubiri tangi lijimwage lenyewe, na hilo lilichukua takriban dakika arobaini. Karibu nusu ya hasara yetu ya vitu ilitokea katika dakika hizo.

Asubuhi ndipo nilipofanya kosa la pili, na nililifanya kwa nia njema. Majirani walikuja kusaidia, na ndani ya saa mbili tulikuwa tumetoa magodoro mawili, zulia, kabati la vitabu lililovimba na sanduku la nguo, tukavipakia kwenye mkokoteni vikaenda kutupwa kabla jua halijawa kali. Nyumba ilipendeza. Nilikuwa nimepiga picha tatu tu, zote za shimo la darini, na hakuna hata moja iliyoonyesha kitu kilichokuwa chini ya shimo hilo. Baadaye, nilipodai fidia ya magodoro, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa kama magodoro hayo yalikuwepo kweli. Siku hizi ninamwambia kila anayenipigia simu akiwa na janga kama hili: umeme ukishazimwa na watu wakiwa salama, piga picha za chumba kizima kutoka kila pembe, kisha za kila kitu kilichoharibika kikiwa mahali pake, kisha za karibu zinazoonyesha uharibifu, na uziache picha hizo simuni na tarehe zake bila kuzihariri. Kinachonuka na kuhatarisha afya kitolewe ndani, lakini kikae uani hadi mwenye nyumba au mwakilishi wake akione au akatae kwa maandishi kuja kukiona.

Jambo moja nililifanya sawasawa, nalo kwa bahati. Fundi bomba aliyetumwa na Mzee mchana wa siku hiyo alifungua kiungio cha plastiki kilichokuwa kimepasuka kwenye bomba la tangi, akakigeuzageuza, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Hiki hakikupasuka leo." Ukingoni mwa ufa palikuwa na utando mgumu wa chokaa ulioachwa na maji yaliyokuwa yakipita hapo kidogo kidogo kwa muda mrefu. Nilimwomba anipe. Nilikipiga picha kikiwa mkononi mwake, nikakifunga kwenye mfuko na kuandika tarehe juu yake. Sikujua bado kwamba kipande kile cha plastiki kingenisaidia mimi na kumdhuru Mzee.

Tuliondoka kwenda kukaa kwa ndugu. Nilifunga madirisha yote kwa hofu ya wezi na sikurudi hadi siku ya nane. Nilipofungua mlango, harufu ilinirudisha nyuma: ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukuta wa chumba cha watoto hadi usawa wa kiuno, na ulikuwa nyuma ya kabati ambalo maji hayakuwa yamelifikia kabisa. Ukungu unaweza kuanza kuota kwenye vitu vilivyolowa ndani ya saa 24 hadi 48, na nyumba iliyofungwa ni kama kitalu chake. Hapa nilijifunza upande wa pili wa haki, ambao wapangaji hatupendi kuuzungumzia. Mifumo mingi ya sheria humtaka aliyepata hasara achukue hatua za kawaida za kuizuia isizidi. Halazimishwi kuezeka upya. Anatakiwa kufungua madirisha, kukausha anachoweza, kusogeza vitu mbali na unyevu, na kutoa taarifa. Ukuta wa chumba cha watoto haukuharibiwa na bomba peke yake. Uliharibiwa pia na siku zangu nane, na mwishowe nililipa sehemu ya gharama yake. Ilikuwa haki, ingawa wakati ule sikukubali.

Mzee alikuja kuona nyumba siku ya tatu, kwa ufunguo wake, akiwa na mafundi wawili, bila kuniarifu. Niligundua kwa sababu vitu vilikuwa vimehamishwa. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika kuhusu dari. Ni kweli kwamba katika dharura, maji yakiwa yanatiririka au moto ukiwa unawaka, mwenye nyumba anaweza kuingia bila kuomba ruhusa. Lakini dharura ikishapita, mpangaji anabaki na haki ya kuikaa nyumba kwa utulivu, na mwenye nyumba hutakiwa kutoa taarifa mapema na kuja kwa saa inayofaa. Nilimwandikia ujumbe wa heshima nikimwomba anijulishe siku moja kabla, na tangu siku hiyo alifanya hivyo. Ilikuwa rahisi mno hata nikajiuliza kwa nini sikuwa nimeandika tangu mwanzo wa doa.

Kisha likaja suala la kodi. Vyumba viwili kati ya vinne havikukalika, jiko lilikuwa salama, choo kilikuwa salama, na umeme ulirudi upande mmoja tu wa nyumba. Mzee aliniambia, "Mwanangu, nyumba ni yangu na hasara ni yangu, wewe lipa kodi yako nami nitatengeneza polepole." Nilimjibu kwamba silipi senti hadi dari irudi. Nilidhani huo ndio msimamo wa mtu anayejua haki zake. Baada ya miezi miwili nilipokea notisi ya kuondoka, na sababu iliyoandikwa haikugusa dari wala bomba wala ukungu. Ilisema kwamba mpangaji hajalipa kodi kwa miezi miwili, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Notisi ile ndiyo iliyonipeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, na ninajuta kwamba nilikwenda nikiwa na notisi mkononi badala ya kwenda mapema nikiwa na dari kichwani. Mwanasheria kijana aliyenipokea alisikiliza simulizi yangu ndefu yenye hasira, kisha akaniuliza maswali matatu tu: nini kilisababisha uharibifu, mwenye nyumba alijua lini kuhusu chanzo chake, na ninaweza kuthibitisha vipi. Nilipomwambia kwamba nilimweleza Mzee kwa mdomo mara mbili, alitikisa kichwa. Nilipomwonyesha ujumbe wa mbuzi, alivuta kiti karibu.

Alinieleza kwamba katika nchi nyingi wajibu wa mwenye nyumba wa kutengeneza kasoro iliyo ndani ya nyumba anayokaa mpangaji huanza pale anapopata taarifa ya kasoro hiyo, kwa sababu yeye hakai humo na hawezi kuiona. Mfano alioutoa ulinikaa moyoni kwa jinsi ulivyofanana na wangu. Nchini Uingereza, katika shauri la O'Brien dhidi ya Robinson lililoamuliwa mwaka 1973, dari ya nyumba ya kupanga iliwaangukia wapangaji, na mahakama ya juu kabisa ya wakati ule ikaamua kwamba mwenye nyumba hawajibiki kwa kuwa kasoro ilikuwa imejificha na hakuna aliyekuwa amemjulisha. Dari yangu nayo ilikuwa imeanguka. Kilichonitofautisha na wale ni picha niliyoituma kwa mzaha na jibu lake lililosema "Nimeona." Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, mimi nilikuwa nikiitumia methali hiyo kwa wenye maduka tu.

Kuhusu kodi, hakunifariji. Sehemu nyingi mpangaji haruhusiwi kujikatia kodi yote kwa uamuzi wake, hasa ikiwa bado anaitumia sehemu ya nyumba au vitu vyake bado vimo ndani. Kuna sheria zinazompa nafuu, lakini nafuu hiyo ina masharti. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2012, kwa mfano, zinaingiza katika mikataba ya upangaji sharti kwamba jengo likiharibika kwa moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji hata lisiweze kukalika, kodi husimama yote au kwa kiasi kinacholingana na uharibifu hadi jengo lifae tena, na kwamba miezi sita ikipita bila kufaa, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika kifungu cha 1722, inasema nyumba ikiangamia yote kwa ajali, upangaji unakwisha wenyewe. Ikiangamia sehemu, mpangaji anaweza kuomba kodi ipunguzwe au mkataba uvunjwe, bila fidia. Nilimwuliza kwa nini bila fidia. Akanijibu kwamba ajali isiyo na mkosaji huondoa kodi lakini haimtii mtu deni. Fidia ya magodoro hutafutwa pale ambapo kuna mtu aliyejua na hakutenda. Ndiyo maana tarehe ya ujumbe wangu ilikuwa na thamani kuliko shimo lenyewe.

Akaongeza jambo ambalo ningependa kila mpangaji alijue kabla hajawasha jiko usiku wa leo: moto si sawa na maji. Zipo sheria, na ya Ufaransa ni mojawapo katika kifungu cha 1733, zinazomhesabu mpangaji kuwa ndiye anayewajibika kwa moto uliotokea katika nyumba anayokaa, hadi athibitishe kwamba chanzo kilikuwa ajali, kasoro ya ujenzi au moto uliovuka kutoka kwa jirani. Katika bomba, ni mimi niliyetakiwa kuthibitisha; katika moto, ningeweza kutakiwa kujisafisha.

Ushauri wake ulikuwa wa kuchosha na wa manufaa. Nilipe mara moja sehemu ya kodi isiyobishaniwa, yaani ya vyumba tunavyoweza kuvitumia, pamoja na malimbikizo yake, kwa njia inayoacha alama, si kwa fedha mkononi. Nimwandikie Mzee barua moja inayotaja tarehe ya doa, tarehe ya ujumbe, tarehe ya kuanguka, vyumba visivyokalika, kiasi ninacholipa na sababu yake, na muda ninaoomba matengenezo yafanyike. Nisitumie neno la hasira hata moja. Niliiandika barua hiyo mara nne. Katika ile ya kwanza nilikuwa nimemwita mwongo. Ya nne ilikuwa na ukurasa mmoja, na mke wangu alipoisoma alisema inasikika kama imeandikwa na mtu mwingine, nami nikaichukua hiyo kuwa sifa.

Malimbikizo hayo yaliniumiza. Fedha za kodi niliyozuia nilikuwa nimeshazitumia kununua magodoro na kulipia fundi wa kuziba dari kwa muda. Hapa pana kosa langu la tatu: fundi yule nilimwita mwenyewe, bila kumwarifu Mzee, nikiamini nitakata gharama yake kwenye kodi. Baadhi ya sheria zinaruhusu mpangaji kutengeneza na kukata, lakini kwa kawaida baada ya kutoa taarifa, kusubiri muda wa kutosha, kupata makadirio na kutunza risiti, na zipo ambazo haziruhusu kabisa. Mimi nilikuwa na risiti iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi, isiyo na jina wala tarehe. Gharama yake, karibu nusu ya kodi ya mwezi mmoja, sikuipata kamwe.

Katika wiki ya kumi na mbili Mzee alinipigia simu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake. Alikuwa na bima ya jengo, na kampuni ya bima ilikuwa imemtuma mkaguzi. Nilifurahi, nikidhani bima hiyo italipa na vitu vyangu. Akanieleza, na baadaye mwanasheria akathibitisha, kwamba bima ya mwenye nyumba hulinda jengo na si mali ya mpangaji, ambayo huhitaji bima yake mwenyewe. Mimi sikuwa nayo na sikuwahi kufikiri kwamba mtu asiye na nyumba anaweza kuwa na cha kukatia bima. Lakini hilo silo alilopigia. Mkaguzi alikuwa ameuliza kama bomba lilipasuka ghafla au lilivuja kwa muda mrefu, kwa kuwa bima nyingi za majengo hulipa tukio la ghafla na kukataa uharibifu wa polepole, ambao huhesabiwa kuwa ni wa kukosa matunzo. Mzee aliniomba niandike barua fupi nikisema kwamba sikuwahi kuona dalili yoyote kabla ya usiku ule. Bima ikilipa, alisema, atatengeneza nyumba yote na kunirudishia vitu vyangu vyote. "Tusaidiane, mwanangu."

Nilikaa na ombi hilo siku mbili. Sitajifanya kwamba nilikataa papo hapo kwa sababu ya uadilifu. Nilipiga hesabu kwanza: barua ile ingenipa vitu vyote, na ukweli ungenipa labda nusu. Kisha nikaona kwamba barua hiyo ingefuta pia dai langu lote, kwa maana dai langu lilisimama juu ya jambo lilelile ambalo barua ingelikana, na kwamba kuidanganya kampuni ya bima ni kosa ambalo mkosaji wake angekuwa mimi niliyetia sahihi. Nilimwendea nyumbani kwake, sikumpigia simu. Nilimwambia siwezi kukana nilichokiona, na kwamba ujumbe wa doa upo simuni mwake na mwangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema ujumbe ule aliuona akiwa hospitalini na mkewe, akajibu, akasahau. Ndiyo mara ya kwanza nilipofikiri kwamba huenda nilikuwa nikigombana na mtu aliyechoka na si mtu mbaya. Bima ililipa sehemu ndogo tu.

Tulikubaliana kwenda kwa msuluhishi badala ya mahakamani. Kabla ya siku hiyo, mtoto wake wa kiume alinijia na karatasi iliyochapwa na bahasha yenye fedha kiasi cha kodi ya mwezi mmoja, akiomba nisaini tu kwamba nimepokea. Nilikuwa na kalamu mkononi. Mstari wa mwisho ulisema kwamba mpangaji hana dai lingine lolote, la sasa wala la baadaye, kuhusu nyumba hiyo. Niliirudisha karatasi na bahasha pamoja. Ukipewa fedha za kukusaidia katikati ya mgogoro, zipokee kwa maandishi yanayosema kuwa ni malipo ya sehemu, au usizipokee.

Kwa msuluhishi nilijifunza jinsi vitu vinavyothaminiwa, na huo ndio ulikuwa uchungu mkubwa wa mchakato wote. Nilikuwa nimeandika orodha ya vitu kwa bei ya kununulia vipya, jumla yake ikafikia kodi ya miezi sita. Msuluhishi alieleza kwa upole kwamba fidia ya kawaida hulenga kukurudisha ulipokuwa, na ulipokuwa ulikuwa na godoro lililolaliwa miaka minne. Kitu kinachotarajiwa kudumu miaka minane, kikiwa kimetumika minne, hubaki na nusu ya thamani yake. Zulia nililokuwa na risiti yake lilikubaliwa bila mjadala. Vitabu, ambavyo kwangu vilikuwa na thamani kuliko vyote, vilipata kidogo mno kwa kuwa sikuwa na orodha wala picha yake. Godoro moja liliokolewa na picha ya siku ya kuzaliwa ya binti yetu, ambamo linaonekana nyuma ya keki.

Kanuni hiyohiyo ya umri ilinisaidia upande wa pili. Mzee alitaka kukata kwenye amana yangu gharama ya kupaka rangi nyumba nzima, akisema kuta zilikuwa zimechafuka. Mpangaji hulipia uharibifu alioufanya. Halipii uchakavu wa kawaida, na rangi iliyokaa miaka minne ukutani imeshachakaa hata kama hakuna aliyeigusa. Hapo pia ningekuwa na nguvu zaidi kama tungekuwa na orodha ya hali ya nyumba iliyosainiwa na sote wawili siku ya kuhamia, chumba kwa chumba, pamoja na picha. Hatukuwa nayo. Yeye hakuweza kuthibitisha kwamba kuta zilikuwa safi, nami sikuweza kuthibitisha kwamba zilikuwa chafu, na msuluhishi alitazama saa yake zaidi ya mara moja.

Mapatano yalikuwa haya. Kodi ya miezi minne ilipunguzwa kwa nusu. Nililipwa fidia ya vitu sawa na kodi ya miezi miwili na robo. Nilichangia theluthi moja ya gharama ya kuondoa ukungu katika chumba cha watoto. Amana ilibaki nzima. Notisi ya kuondoka ilifutwa, na matengenezo yalipewa tarehe ya mwisho, na sharti kwamba tarehe hiyo ikipita ningeweza kuondoka bila adhabu. Ukitoa nilichotumia kwa nauli, nakala za karatasi, fundi wa boksi na siku za kazi nilizozikosa, nilipoteza kodi ya zaidi ya miezi mitatu. Sijahesabu usiku ambao binti yetu alikataa kulala chini ya dari yoyote.

Tulibaki katika nyumba ile. Watu hunishangaa, lakini dari mpya ilikuwa imara, bomba lilikuwa jipya, na Mzee alikuwa amenunua daftari. Wiki ya kwanza baada ya kurudi alinipitisha kila chumba akiandika, nami nikipiga picha, na akanionyesha koki ya tangi, ambayo ilikuwa nyuma ya kibao kidogo juu ya mlango wa choo, mahali ambapo nilikuwa nimepita kila siku kwa miaka minne.

Miezi miwili baadaye niliona alama ya kahawia kwenye dari ya jikoni. Niliipiga picha nikamwandikia saa ileile, nikitaja tarehe na mahali, na kabla ya jioni fundi alikuwa amefika. Alipanda, akakagua, akashuka, akasema ni mvuke wa sufuria. Mzee alifungua daftari lake akaandika hilo, akaandika na gharama ya safari ya fundi, kisha akanitazama juu ya miwani akaniuliza, mwanangu, hii nani anailipa. Tuligawana.